Udongo Uliobaki Nyuma ya Nyumba

Habari za kuhamishwa kwa Waha wa Kasulu na Kibondo zikisimuliwa, kinachohesabiwa ni watu, nyumba na eka. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya wengi wao mahali pamoja ili kuwakinga na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Kigoma ikawatoa tena kwenye maboma yaliyotawanyika vilimani na kuwapeleka kwenye vijiji vipya. Mara zote mbili walionyeshwa ardhi nyingine ya kulima, na mwenye kuhesabu eka tu anaweza kusema kwamba hakuna aliyepungukiwa. Mimi nasema walipungukiwa sana. Walichoacha ni udongo wa nyuma ya nyumba, uliotengenezwa kwa miaka mingi na ng'ombe, na mikono ya akina mama, na bakteria wasioonekana kwa macho, na udongo wa namna hiyo haubebeki kichwani.

Tuanzie zizini. Anayelifungua alfajiri kabla halijafagiliwa hukutana na harufu kali ya kuchoma pua hadi machozi yakamtoka. Hiyo ni amonia, inayotoka hasa kwenye mkojo wa ng'ombe uliolowesha samadi. Ikiachwa wazi, nyingi hupotea hewani. Samadi ikichimbiwa chini ya migomba pamoja na maganda, majivu na makapi ya maharage, amonia hushikwa na udongo, na hapo bakteria huipokea kwa zamu: kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati. Mmea unaweza kunyonya amonia kiasi, lakini ni nitrati inayotembea na maji mpaka kwenye mizizi. Ulaya yenyewe ilichelewa kulijua jambo hili. Mwaka 1877 Wafaransa Schloesing na Müntz walipitisha maji machafu kwenye mchanga, wakaona nitrati ikitokea. Walipotia klorofomu, kazi ikasimama, wakajua kwamba mtendaji ni kiumbe hai. Mrusi Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria wenyewe mnamo 1890. Wakulima wa Buha, nchi ya Waha, hawakuwa na majina hayo, lakini walijua mgomba upandwe wapi. Zizi, nyumba na migomba vilikaa pamoja kwa sababu samadi ni mzigo mzito, na inafaa zaidi isipopelekwa mbali.

Jambo la pili walilolijua ni wakati. Katika vilima hivi kiangazi hushika miezi kadhaa, mpaka mvua ziwadie Oktoba au Novemba. H. F. Birch, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga karibu na Nairobi, alieleza mwaka 1958 kinachotokea hapo: udongo uliokauka ukilowa ghafla, viumbe vyake huchachamaa, mboji huvunjika kwa kasi, na nitrati hupanda kwa siku chache. Kadiri ukavu ulivyokuwa mrefu ndivyo mchachamao huo unavyokuwa mkubwa. Lakini nitrati haigandi kwenye udongo kama amonia. Mvua kubwa zikifuatana, huizamisha chini, mizizi michanga isikoweza kuifikia. Kwa hiyo aliyechelewa kupanda kwa wiki mbili amekosa mengi zaidi ya siku hizo. Sasa mtazame mtu ambaye katika msimu huo huo anajenga nyumba kijijini na kufyeka pori jipya, huku shamba lake la zamani liko mwendo wa saa kadhaa.

Atatokea wa kunijibu kwamba bakteria hawa wapo kila mahali, hata kwenye pori la miombo, na kwamba mashamba mapya yalitoa mavuno mazuri mwanzoni. Ni kweli. Pori likichomwa, majivu hupunguza uchachu wa udongo na mboji ya miaka mingi huachiliwa kwa mkupuo. Lakini hiyo ni akiba inayotumiwa bila kurudishwa, na baada ya misimu michache bakteria wamebaki na kazi bila chakula. Wapo pia watakaosema kwamba udongo huo wa samadi haukuwa wa wote, na hili lina uzito zaidi. Ng'ombe wengi walikuwa mikononi mwa Watusi, na Muha wa kawaida aliweza kumpata kwa ubugabire, yaani kwa kumtumikia mwenye mali. Sikusudii kuusifu utumishi huo. Lakini hata asiye na ng'ombe alikuwa na samadi ya mbuzi, majivu na taka za jikoni, na alikuwa amevirudisha mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Kumwondoa hapo hakukumfanya awe sawa na mwenye ng'ombe, kulimnyang'anya hata kile kidogo alichokijenga.

Lililosikika pia katika miaka hiyo ya 1970 ni kwamba mbolea ya kiwandani ingefidia. Kiwanda cha Tanga kilianza kuzalisha mwaka 1972, na salfeti ya amonia ilikuwa miongoni mwa mbolea zake. Mfuko wa mbolea hiyo una naitrojeni ya kutosha, sibishi. Lakini bakteria wale wale wakiigeuza amonia yake kuwa nitrati, huacha asidi nyuma yao, na udongo mwekundu wa nyanda hizi, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi, hauna chokaa ya kutosha kuituliza. Asidi ikizidi, aluminiamu huyeyuka na kudumaza mizizi. Ndipo mkulima anaongeza mbolea, na mahindi yake bado ni ya manjano, wakati mgomba ulioota kwenye tuta la zizi la zamani, hatua chache tu kutoka hapo, majani yake ni mapana na ya kijani kilichokoza.