Vifaru vya Kung'oa Visiki

Mpango wa karanga wa Waingereza ulipoanza Kongwa, Tanganyika, mwaka 1947, matrekta yake mengi yalikuwa masalio ya jeshi la Marekani, yaliyonunuliwa Ufilipino. Mwaka haujaisha, theluthi mbili yalikuwa yameharibika, na vipuri havikutosha. Dawa iliyobuniwa Uingereza ilikuwa ya ajabu: kampuni ya Vickers iligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Askari wa vifaru atacheka. Chombo kilichoundwa kubeba mzinga na kukinga risasi kikatakiwa kung'oa visiki. Na fundi wa Kongwa, aliyepaswa kukifungua na kukifunga katika vumbi lile, hakuwamo katika shauri hilo. Mpango ulifutwa Januari 1951, paundi zaidi ya milioni 36 zimekwisha kupotea.