Neno Moja Kwenye Chupa ya Dawa

Wanafunzi wangu wa tafsiri aghalabu hudhani kuwa kibandiko cha dawa ni kazi ya mfamasia, haimhusu mwanaisimu. Huwasimulia yaliyotokea Marekani mwaka wa 1937.

Sulfanilamaidi ilikuwa dawa mpya ya maambukizi, ikiuzwa kama vidonge na poda. Wateja wakataka ya maji. Kampuni ya Massengill ya Bristol, Tennessee, ikamwachia mkemia wake, Harold Watkins, atafute cha kuiyeyushia. Akachagua diethilini glaikoli, kimiminika kitamu lakini sumu kali. Maabara ikapima ladha, sura na harufu. Ati harufu! Kama inaua, hakuna aliyepima, na sheria ya 1906 haikumlazimisha mtu kupima.

Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi, baada ya figo kushindwa kufanya kazi. Wakaguzi wa serikali waliifuata chupa baada ya chupa, dukani na majumbani, wakapata galoni 234 kati ya 240 zilizotengenezwa. Hebu piga hesabu, msomaji: maafa yote hayo ni ya galoni 6 hivi.

Sasa, serikali iliitwaa dawa hiyo kwa kosa gani? Kuua? La, kwa kosa la lugha. Kibandiko kilisema "eliksiri", neno lililotoka kwa Kiarabu al-iksir, na katika famasia lilimaanisha dawa yenye alkoholi. Hii haikuwa na hata tone. Lau wangeiita "mmumunyo", sheria ingekunja mikono ikitazama. Mwenye kampuni alitamka kwamba hawakuwa na lawama yoyote. Kisheria hakuwa mbali na ukweli, na hapo ndipo ninapoudhika: aligeuza kimya cha sheria kuwa ruhusa. Mwaka wa 1938 ikaja sheria mpya: thibitisha usalama kwanza, ndipo uuze.

Kwetu neno "dawa" ni pana mno. Kuna dawa ya kikohozi, ya meno, hata ya panya, ambayo ni sumu tupu. Angalau Sura ya 244 ya sheria za Kenya huitaja famasia na sumu pamoja katika jina lake. Mimi nikipewa kibahasha cha vidonge kilichoandikwa "1x3" tu, bila jina la kilichomo, humrudishia muuzaji aandike jina. Baadhi yao hununa, lakini huandika.