Jens Voigt: kupendwa ku intaneti si ushuhuda



Mjerumani Jens Voigt aliacha kazi ya mbio za kinga mu 2014. Alianza Tour de France mara 17, hakushinda hata moja. Lakini picha na maneno yake bado vinazunguka ku mitandao. Neno lake ni fupi: aliambia miguu yake inyamaze. Watu wakaliandika ku fulana, kisha wakatunga vichekesho vya kumfanya kuwa mtu asiyejua uchungu.

Juu ya nini yeye? Wengi watajibu: juu ya moyo wake. Mu Tour ya 2010 alianguka akiteremka mlima Peyresourde, kinga yake ikavunjika, na gari za timu zilikwisha kupita. Akakamata kakinga ka kijana, kadogo kabisa, akaendelea nako mpaka alipopata ingine. Septemba 2014, siku moja kisha kufikisha miaka 43, alizunguka uwanja wa Grenchen, Uswisi, kwa saa moja: zaidi ya kilomita 51. Ilikuwa rekodi ya dunia, na ilidumu majuma sita.

Hayo yanatosha kumpenda mtu. Lakini mimi naona sababu ingine, na hiyo ni ya histori. Angalieni orodha ya washindi wa Tour: tangu 1999 mpaka 2005 nafasi iko wazi, juu Lance Armstrong alinyang'anywa mataji yote 7 mu 2012. Mwaka 2006, mu hatua ya 13, Voigt na Óscar Pereiro walitoroka na wengine. Voigt akashinda hatua ile. Kundi kubwa likafika karibu dakika 30 nyuma, na Pereiro akavaa fulana ya njano. Kule Paris aliyeshangiliwa ni Floyd Landis. Kisha kipimo kikamwangusha, ushindi ukapewa Pereiro. Mashabiki waliochoka kuona majina yanafutwa walitafuta mtu wa kupenda bila kutegemea taji. Voigt hakuwa na taji la Tour la kunyang'anywa.

Sasa tuwe waangalifu. Kupendwa kwake kunatufundisha juu ya mashabiki, si juu ya damu yake. Yeye anasema hakutumia dawa, na hakuna kipimo kilichomkamata. Lakini tangu 2004 mkubwa wa timu yake alikuwa Bjarne Riis, mshindi wa 1996, ambaye mu 2007 alikubali kwamba alitumia EPO. Hiyo haimhukumu Voigt. Lakini video za kuchekesha nazo hazimtakasi.

Naandika hivi juu siye wenye kuandika TFC tunakamatwa na mtego huu: tunaona mtu ana wafuasi mingi, tunaandika kwamba alikuwa mtu mwema. Idadi ya wafuasi inaonyesha watu walikuwa na njaa ya nini mu wakati ule. Kujua mtu alifanya nini, lazima ufungue matokeo, vipimo na maneno ya waliofanya kazi naye. Armstrong naye alikuwa na mashabiki duniani kote. Walioeleza ukweli wake walikuwa wenzake 11 wa timu, mbele ya wachunguzi, wakati mashabiki wangali wanamtetea.