Wakandaji Wasioona wa Japani na Historia ya Leseni Yao

Sheria zinazomtaka mkandaji wa viungo asome na kupata leseni huwekwa, katika nchi nyingi, ili kumlinda yule anayelala na kukandwa, kwa kuwa mkono usiojua mahali pa mshipa, mfupa au jeraha unaweza kuumiza pale ulipotarajiwa kuponya. Nchini Japani sababu hiyo ipo pia, lakini haitoshi kueleza sheria za huko, kwani kwa karne nyingi kazi hii ilikuwa riziki ya watu wasioona, na kila mara dola ilipoandika upya masharti ya kuifanya ilikuwa inaamua papo hapo wasioona hao wataishi kwa nini. Kazi yenyewe, ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki huijua kwa majina ya kukanda, kuchua na kusinga, Wajapani huiita anma, neno lililotoka China na kuunganishwa kwa maana mbili, yaani kubonyeza na kusugua.

Hapo mwanzo ukandaji haukuwa kazi ya wasioona. Sheria za Taihō za mwaka 701, ambazo ziliigwa kwa sehemu kubwa kutoka utawala wa China, ziliiweka anma ndani ya idara ya tiba ya ikulu pamoja na mwalimu wake mkuu, wakandaji na wanafunzi, jambo linaloonyesha kwamba wazo la kumfundisha mkandaji chini ya usimamizi wa dola lina umri wa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu. Utaratibu huo ulififia kadiri nguvu za ikulu zilivyopungua, na ufundi ukabaki mikononi mwa watu binafsi.

Wasioona waliingia kwa mlango mwingine. Tangu karne ya 14 wanaume wasioona waliopiga kinanda cha nyuzi kiitwacho biwa na kughani tenzi za vita walikuwa wamejiunga katika chama cha kazi kilichoitwa Tōdōza, chenye vyeo kuanzia zatō hadi kengyō, na katika enzi ya Edo, iliyodumu kuanzia 1603 hadi 1868, watawala wa kijeshi walikitambua chama hicho na kukiachia mamlaka juu ya wanachama wake. Vyeo vilipatikana kwa kulipa ada kubwa, na chama kiliruhusiwa hata kukopesha fedha kwa riba, kwa hiyo isidhaniwe kwamba kilikuwa jumuiya ya wanyonge wanaosaidiana tu. Ughani ulipopungua soko, wanachama wengi waligeukia ukandaji na tiba ya sindano, na mkandaji asiyeona aliyepita mitaani usiku akipuliza filimbi kuwaita wateja akawa sehemu ya maisha ya miji. Jina la Zatoichi, mkandaji wa kubuni anayejulikana kwa filamu zilizoanza mwaka 1962, limebeba cheo hicho cha zatō.

Aliyeugeuza ufundi huo kuwa elimu ni Sugiyama Waichi, aliyezaliwa mwaka 1610 katika ukoo wa wapiganaji na kupoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto. Masimulizi yanasema kwamba alifukuzwa na mwalimu wake kwa uzito wa kushika mafunzo, akaenda kufunga na kuomba katika kisiwa cha Enoshima, na huko akapata wazo la kuipitisha sindano ndani ya kijibomba chembamba. Ukweli wa kisa hicho hauna uzito kama ulivyo nao uvumbuzi wenyewe: kijibomba huishikilia sindano isiyumbe, kidole hugonga kichwa chake, nayo huingia mahali palepale palipopapaswa, kiasi kwamba jicho halihitajiki tena. Kijibomba hicho kingali kinatumika leo na matabibu wanaoona na wasioona.

Sugiyama alimtibu shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, Tokugawa Tsunayoshi, na mwanzoni mwa miaka ya 1680, kwa idhini ya mtawala huyo, akaanzisha mjini Edo, ambao sasa ni Tokyo, mahali pa kuwafundisha wasioona ukandaji na tiba ya sindano kwa mpango maalumu, huku maarifa yakikaririwa kwa moyo na kuzoeshwa mikononi. Historia ya elimu ya wasioona kwa kawaida huanzishwa na shule ya Valentin Haüy mjini Paris katika miaka ya 1780, ilhali karne nzima kabla yake vijana wa Kijapani wasioona walikuwa wakisomea kazi yenye heshima na malipo. Kusahauliwa kwa tukio hilo ni kasoro inayostahili kusahihishwa.

Mfumo huo ulivunjwa ghafla. Mwaka 1871 serikali mpya ya Meiji, iliyotaka kufuta haki za pekee za enzi iliyopita, iliifuta Tōdōza, na kanuni za tiba za mwaka 1874 zikaifanya tiba ya Ulaya kuwa kipimo cha udaktari. Ndani ya miaka michache wasioona walipoteza chama, vyeo na ulinzi, na wanaoona wakaanza kuingia kwa wingi katika ukandaji. Shule mpya, kama ile ya wasioona na viziwi iliyofunguliwa Kyoto mwaka 1878, zilirudisha sehemu ya mafunzo, lakini shule haimzuii mshindani, na ndiyo maana mwanzoni mwa karne ya 20 wasioona walilipelekea bunge maombi kwamba anma iwe kazi yao peke yao.

Hawakupewa hilo. Walichopata ni kanuni za Wizara ya Mambo ya Ndani za mwaka 1911, ambazo kwa mara ya kwanza zilidai, nchi nzima, kwamba mkandaji awe amefaulu mtihani au amehitimu shule iliyotambuliwa kabla ya kupewa leseni, na zikaweka ngazi mbili za mtihani, ya pili ikiwa nyepesi zaidi na kutengwa kwa ajili ya wasioona. Mpango huo uliwafungulia mlango, lakini pia uliwaweka katika daraja la chini ndani ya kazi waliyoijenga wao wenyewe.

Hatari kubwa zaidi ilikuja baada ya vita. Mwaka 1947 makao makuu ya majeshi ya Marekani yaliyoitawala Japani yaliitilia shaka anma, tiba ya sindano na ile ya kuchoma majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga juu ya ngozi, yakiziona kuwa si salama wala si za kisayansi. Wasioona waliandamana na kuandika maombi, huku wanasayansi kama mwanafiziolojia Ishikawa Hidetsurumaru wakitetea tiba hizo mbele ya maofisa, na mnamo Desemba 20, 1947 ikapitishwa sheria namba 217, ambayo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo inayotawala kazi hizi hadi leo. Bei ya kuokoka ilikuwa elimu: anatomia, yaani maarifa ya maumbile ya mwili, fiziolojia, yaani utendaji wa viungo, pamoja na maarifa ya magonjwa na usafi, vikawa msingi wa mafunzo.

Marekebisho ya mwaka 1988 yaliutoa mtihani mikononi mwa wakuu wa mikoa na kuufanya wa taifa. Anayetaka leseni ya ukandaji, ambayo sasa inajumuisha anma, masaji ya Ulaya na shiatsu, yaani kubonyeza kwa vidole, husoma si chini ya miaka mitatu baada ya sekondari ya juu, lakini mwenye ulemavu mkubwa wa macho anaruhusiwa kuanza baada ya sekondari ya chini, na mtihani hutolewa pia kwa maandishi ya nukta nundu.

Kifungu kinachobishaniwa zaidi kiliongezwa mwaka 1964. Kinampa waziri uwezo wa kukataa kozi mpya za ukandaji kwa wanaoona, kwa muda, endapo zitahatarisha riziki ya wasioona. Wenye shule walionyimwa kibali walishtaki wakidai kwamba uhuru wa kuchagua kazi umevunjwa, na hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, hasa kwa kuwa maduka mengi yanawakanda watu bila leseni kwa kukwepa tu neno masaji, yakijikinga kwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1960 iliyosema kwamba tiba isiyo na leseni huadhibiwa pale tu inapoweza kudhuru afya. Hivyo kifungu kinamzuia anayetaka kusoma, na hakimgusi asiyesoma kabisa. Hata hivyo, Februari 7, 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kifungu hicho hakivunji katiba, kwa sababu wasioona bado wanaitegemea kazi hii, na maneno “kwa muda”, yaliyoandikwa miaka 58 kabla ya hukumu hiyo, yamebaki ndani ya sheria.