Ndege ya Krismasi kutoka Toi

Kadi niliipata Toi, kwa shilingi hamsini, kwa jamaa anayeuza vitabu vya mitumba upande wa Makina. Ilikuwa kwenye rundo la kadi za Krismasi kutoka Uingereza, nyingi hazijaandikwa kitu. Nje kuna mchoro wa rangi: ndege kubwa ya injini nne, Lancaster, inarudi alfajiri juu ya mashamba yenye theluji. Ndani kuna salamu za sikukuu. Muuzaji aliniuliza kama mimi ni rubani.

Waingereza wanazipenda hizi. Vita vya Pili vya Dunia viliisha 1945, lakini Spitfire na Lancaster bado zinaruka kwenye kadi za Krismasi, za kuzaliwa, hata za kustaafu. Mchoraji anakupa mawingu mazuri na mwanga wa jua, mabomu huyaoni. Na mchoro wenyewe ni mtamu, siwezi kudanganya. Ila nilikuwa nimeushika nikiwa nimesimama Kibera, mtaa uliozaliwa na jeshi la hao hao Waingereza.

Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles, wenye asili ya Sudan. Waliomaliza utumishi walipewa karatasi, pasi ya shamba, ya kuwaruhusu kujenga na kulima hapa. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa la jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Pasi haikuwa hati ya kumiliki, na shida yote ya Wanubi ikaanzia hapo. Hati yao ilikuja 2017, ya ekari 288. Piga hesabu mwenyewe.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje ya duka hapo karibu aliomba kuiona kadi. Akatikisa kichwa. "Hii siyo," akasema. Baba yake alikuwa Burma, na ndege aliyokuwa akiisimulia ilikuwa na injini mbili, ikitupa magunia ya chakula. Nikajua anazungumzia Dakota. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wenye nembo ya kichwa cha kifaru, walishuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya kule. Barabara ziligeuka tope, malori yakakwama, kwa hiyo mchele na risasi vikashuka kutoka angani. Vingine vilikuja na parachuti. Vingine viliangushwa hivi hivi, na ukizubaa chini gunia linakumaliza.

Hata salamu zilipanda ndege. Kuanzia 1941 Waingereza walikuwa na barua zilizoitwa airgraph: unaandika kwenye fomu, inapigwa picha kwenye filamu ndogo, filamu inasafirishwa kwa ndege, halafu upande wa pili wanaichapisha tena kwenye karatasi. Barua 1,600 za kilo 23 hivi zilibaki na uzito wa gramu 150 hivi. Krismasi ikifika, wanajeshi walizituma zikiwa na michoro. Yaani kabla ya kadi za kuchora ndege, kulikuwa na kadi zilizobebwa na ndege za vita zenyewe. Hiyo ningeinunua hata kwa elfu.

Jumapili nikaipeleka kadi Kawangware, kwa cucu. Nilidhani atafurahia theluji.

Aliishika mbali kidogo na macho, akaniuliza nimeitoa wapi. Cucu alikuwa msichana mdogo chini ya msitu wa Nyandarua wakati wa Mau Mau. Mwaka 1953 zilikuja Harvard, ndege za mafunzo zilizofungwa mabomu madogo ya ratili 20. Mwezi wa Novemba zikafuata Lincoln, zikiruka kutoka Eastleigh, hapa hapa Nairobi, na mabomu ya ratili 500 na 1,000. Sasa, Lincoln ni mdogo wake Lancaster. Waliounda Lincoln walianzia kwenye Lancaster, na kwa mtu aliye chini hakuna tofauti: injini nne, mngurumo ule ule.

"Tulikuwa tunalala chini ya kitanda," akasema. "Kitanda cha miti. Kingetusaidia nini?"

Nikamuuliza kama waliwahi kuokota vile vikaratasi vilivyotupwa na ndege, vya kuwaambia walio msituni wajisalimishe. Akasema mama yao aliwakataza kuvigusa. Ukipatikana na kikaratasi, askari watauliza ulikuwa unampelekea nani. Nilikuwa nimesoma kuhusu vikaratasi hivyo, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kukiokota kungekuwa kosa.

Sijui ningemweleza vipi yule mzee wa Makina habari hii, wala cucu habari ya mchele wa Kabaw. Jeshi la anga ni lile lile, na kati ya vita hivyo viwili haikupita hata miaka kumi. Kutoka Toi hadi kwa cucu ni safari fupi ya matatu, unapitia Dagoretti Corner.

Cucu alifungua kadi. "Inasema nini?"

"Krismasi njema, na amani."

Akaifunga, akanirudishia, akaniuliza kama nimekula.

Wiki iliyofuata nilipita tena kwa muuzaji nione kama kuna nyingine. Zilizobaki zilikuwa za mishumaa na ndege wadogo wa kifua chekundu. Hao aliniuzia watatu kwa hamsini.