Daftari la Baharia na Maji ya Kilombero

Maji yanayofurika kila masika katika mbuga za Lupiro huishia baharini. Kilombero hukutana na Luwegu, wakazaa Rufiji, na Rufiji humwaga maji yake katika delta ambako Julai 11, 1915 mabaharia wa manowari ya Kijerumani Königsberg waliizamisha wenyewe baada ya kupigwa na meli za Waingereza. Mizinga yake iliopolewa, ikafungwa magurudumu, na mabaharia wakageuka askari wa nchi kavu. Vita hiyohiyo ilipanda hadi bondeni: Oktoba 9, 1917 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Mahenge, kusini mwa Lupiro. Kwa hiyo shajara ya baharia kijana, hata ikichapwa baada ya miongo mingi, inamhusu msomaji wa hapa. Thamani yake imo katika jambo moja: mwandishi hakujua mwisho wa vita. Anayeichapa amekabidhiwa kutojua huko, akulinde.

Ushahidi ni Richard Stumpf, baharia wa kawaida wa manowari ya Kijerumani Helgoland, aliyeandika tangu 1914 hadi 1918. Kurasa za mwanzo ni za kijana mwenye ari ya vita. Za mwisho zimejaa hasira dhidi ya maofisa wanaoshiba huku mabaharia wakila mlo hafifu. Bunge la Ujerumani liliichapa shajara hiyo miaka ya 1920 lilipochunguza sababu za kushindwa, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka 1967. Stumpf hakujua kwamba mabaharia wangeasi 1918, ndiyo maana chuki inaonekana ikikua siku kwa siku, kama mpunga shambani. Linganisha na Richard Meinertzhagen, ofisa wa Uingereza aliyepigana Afrika Mashariki, ambaye shajara yake ya jeshi ilitoka 1960. Watafiti wameitilia shaka, wakiona dalili kwamba sehemu zake ziliandikwa upya baadaye. Miaka iliyopita kabla ya kuchapwa haikuharibu kitu. Kilichoharibu ni mkono uliorudi kunyoosha.

Kuna watakaosema kijana wa sitahani haoni vita, anaona sitaha tu. Ni kweli, lakini ripoti za makamanda zinajaa mipango, na njaa, joto na woga havimo. James Fahey, baharia wa Marekani katika Vita ya Pili ya Dunia, aliandika kwa siri kwenye manowari USS Montpelier kwa kuwa shajara zilikatazwa; kitabu chake kilitoka 1963, na katazo lenyewe linaonyesha wakubwa walijua uzito wa maandishi hayo. Pingamizi la pili ni zito zaidi: hawa wote ni wageni, na wapagazi waliobeba Vita ya Kwanza mabegani hawakuacha daftari. Waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kuzidi 90,000, na kumbukumbu yao iliyo wazi kuliko zote ni jina la Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Ndiyo sababu shajara isisomwe peke yake. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya simulizi za wazee kuhusu Majimaji, zaidi ya miaka sitini baada ya vita yenyewe. Daftari hutoa tarehe, mzee hutoa majina. Shahidi mmoja humsahihisha mwenzake.

Vita ya pili ilituachia bahari yetu wenyewe. Februari 12, 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Walikufa karibu watu 1,300. Askari wetu waliofika Burma waliandika nyumbani, na barua za wakati huo zilipita kwa wakaguzi wa jeshi, hivyo ukimya wake nao ni ushahidi. Kama barua ya namna hiyo imo katika sanduku la bati Lupiro au Ifakara, mchapaji aitoe na makosa yake ya tahajia, na salamu ndefu kwa shangazi na wajomba, na swali kuhusu mavuno. Salamu hizo zitaonekana za kawaida kwa msomaji mwenye haraka. Aliyeziandika hakujua kama atarudi.