Mwaka Mmoja katika Mashamba-Kapela ya Kisantu

Sisi makatekista wa Congo tuna mababu katika imani ambao tunawataja mara chache: wale waliokaa katika mashamba-kapela ya Wajesuiti, katika nchi ya Wakongo, upande wa magharibi. Historia yao ni urithi wetu, pamoja na mema yake na majeraha yake. Ndiyo maana yafaa tuitafakari.

Wajesuiti walifika mwaka 1893, wakiongozwa na Padri Emile Van Hencxthoven, wakakaa Kimwenza na baadaye Kisantu. Sheria za Dola Huru ya Congo, za 1890 na 1892, ziliwaruhusu wamisionari kuwalea watoto waliohesabiwa kuwa yatima au waliotupwa. Mwanzoni watoto walikusanywa penye misheni. Kisha Padri Van Hencxthoven akaona ni afadhali kuwatawanya. Kikundi kidogo cha watoto kiliwekwa pamoja na katekista kwenye shamba karibu na kijiji. Walijenga kapela, wakalima, wakafuga, wakafundishwa sala na kusoma. Padri alipita kuwatembelea. Tumaini lilikuwa kwamba wanakijiji, kwa kuona maisha hayo, wangevutwa nao.

Mwaka wa shamba ulifuata mvua. Katika nchi ile masika huanza mwezi wa Oktoba, na hapo ndipo karanga, mahindi na maharagwe hupandwa. Baada ya Noeli karanga za kwanza hung'olewa, na mvua hupungua kwa majuma machache. Wakati wa Kwaresima hupandwa mara ya pili, hata mvua kubwa za Aprili zikute mbegu ardhini. Katikati ya Mei mvua hukatika. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi, chenye ubaridi na mawingu yasiyonyesha: nyasi huchomwa, nyumba huezekwa upya, mashamba mapya hufyekwa. Muhogo haungoji majira. Sombe huchumwa na mizizi huchimbwa mwaka mzima. Hivyo kalenda ya Kanisa na kalenda ya udongo zilikwenda pamoja. Huko Kisantu Bruda Justin Gillet alianzisha mwaka 1900 bustani ya mimea, ambayo ingalipo hata leo.

Basi, neno gumu ni neno "yatima". Kwa Wakongo mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Akifiwa na wazazi, mjomba yupo, na ukoo wote upo. Sheria iliyoandikwa Ulaya haikumwona mjomba huyo. Tena, kwa desturi yao jembe lilikuwa hasa mkononi mwa mwanamke. Mwanamume alikata miti, akawinda, akafanya biashara. Mvulana aliyepewa jembe na mgeni hakuwa anaendeleza kazi ya baba yake.

Mwaka 1904 Mfalme Leopold II, akisukumwa na lawama za mataifa, aliunda Tume ya Uchunguzi, na ripoti yake ikatolewa 1905. Tume haikukana bidii ya wamisionari wala uzuri wa mashamba. Lakini ilisema kwamba wengi wa waliokaa humo hawakuwa yatima wala wafanyakazi wa mkataba. Waliombwa kwa machifu, nao machifu hawakuthubutu kukataa. Wajesuiti walijitetea kwa nguvu. Baadaye Emile Vandervelde aliinua jambo hilo katika Bunge la Ubelgiji. Polepole mashamba-kapela yaliachwa, na mahali pake pakawa shule za vijijini, ambako mtoto alisoma mchana na kulala kwao.

Tusiwahukumu wafu kwa wepesi. Ugonjwa wa malale ulikuwa unaua watu wengi katika eneo lile, na kuna watoto waliopata humo chakula na ulinzi. Hata hivyo, hatuwezi kusema kwamba mavuno mema yanatakasa kila njia ya kuyapata. Na katekista alisimama katikati: mbele ya watoto alikuwa mwalimu na mlezi, na mbele ya kijiji alikuwa mjumbe wa wale waliowachukua watoto.

Leo parokia zetu nyingi zina shamba la kufundishia vijana, na ni jambo jema. Mtoto anayejua kungoja mvua anajifunza saburi ambayo hakuna kitabu kinachoifundisha. Lakini shamba huwa shule pale tu ambapo anayelima anajua sababu ya kulima, anakula alichovuna, na anaweza kurudi nyumbani jioni. Bila hayo matatu, ni kazi tu iliyovikwa sala.

Tujiulize katika mashirika yetu: Mavuno ya shamba letu huenda wapi? Je, wazazi na wajomba waliulizwa, na walikuwa na uhuru wa kukataa? Mungu, Bwana wa mavuno, atusaidie kujibu kwa ukweli.